Harufu ya Ndoo Mpya

Kifuniko cha sufuria kilicheza juu ya jiko, tiki-tiki-tiki, kikapunguza mwendo, kikanyamaza. Kilichomwamsha Bibi ni kule kunyamaza, maana mtu aliyepika miaka hamsini hulala sikio moja likiwa jikoni. Nje kulikuwa bado giza. Akapapasa upande wa pili wa kitanda, akakuta shuka limepoa. Mzee ameshaamka.

Hajapata hata kuvaa kandambili, harufu ikamfikia. Maziwa yanaungua. Na si kule kushika kidogo chini, bali kuungua kwa kugeuka mkaa, harufu chungu inayopanda puani na kwenda kukaa kooni.

Alimkuta mumewe jikoni, ameketi kwenye kigoda, mgongo kaupa jiko, anashona kifungo cha ovaroli yake chini ya taa. Ametulia tuli kama maji mtungini.

"Umeamka?" alisema bila kugeuka. "Hukupaswa kuamka. Maziwa yanakaribia kuchemka, leo chai napika mimi."

Bibi alisimama mlangoni. Kati ya mgongo wa mzee na jiko palikuwa na hatua mbili tu. Akapita kimya, akazima, akafunua kile kifuniko. Ndani mlikuwa na utandu mweusi, na kamoshi kembamba kakapanda mpaka darini.

"Yamechemka," alisema.

Aliitia ile sufuria ndani ya beseni la maji na kuifunika kwa kitambaa, kisha akabandika nyingine. "Tunywe bila maziwa leo. Tumbo langu limeyakataa."

"Basi ungeniambia mapema nisihangaike," mzee akacheka, akakata uzi kwa meno.

Hakusikia kitu. Bibi alimtazama akinywa chai yake katika jiko lile lililojaa harufu ya kuungua, akimsifu kwa sukari, na mambo ya miezi miwili iliyopita yakaanza kupangana kichwani mwake moja baada ya jingine. Ile homa kali iliyomlaza wiki nzima. Panya aliyefia nyuma ya kabati la chumbani, mzee akalala humo siku tatu kwa raha zake, na Bibi alipomuuliza akajibu, "Mimi nimechoka, nitashughulika na panya?" Chumvi anayoiongeza kila mlo kabla hajaonja. Na lile alilolisikia kwa jirani yao mshona viatu, akadhani ni mzaha: "Siku hizi mzee wako amekuwa mwalimu. Ukimpelekea gari anakuuliza, haya, sema wewe kwanza, unasikia harufu gani?"

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pua. Si kwa ukubwa wa pua yake, ingawa wenye midomo walisema hata ukubwa haukukosekana. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akifungua boneti, anafumba macho, anavuta pumzi, kisha anakwambia gari lako linaumwa nini. Waya unaungua huku. Mafuta yanadondokea kule. Maji ya rejeta yanavuja, lakini kidogo, usiogope. Mafundi wengine walikuwa na vyombo vya kupimia na yeye alikuwa na pua. Juu ya mlango wa gereji alichorewa pua yenyewe kwa rangi nyekundu, matundu mawili kama mapango. Watoto wakipita waliicheka, naye akijua wanaicheka alikuwa akitoka nje na kuwapigia chafya ya uongo.

Mtu kama huyo ukimwambia pua yake imekufa, utakuwa umemwambia nini?

Bibi hakumwambia. Alimfungia mkebe wake wa chakula kama kila siku, kisha, mzee alipokuwa anavaa viatu, akausukuma nyuma ya pipa la unga. Mzee akaondoka mikono mitupu. Kwa miaka yote ya ndoa yao gereji ilikuwa ya mume na nyumba ilikuwa ya mke. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hakuna aliyeivunja. Leo Bibi alihitaji sababu ya kwenda, na sababu ilikuwa nyuma ya pipa.

*

Alifika saa tano. Gereji ilikuwa chumba kimoja kirefu, mabati juu, sakafu nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi, na mlango mpana upande wa barabarani. Mumewe alikuwa ameinama juu ya gari dogo la buluu, na kando yake mwanamke wa makamo mwenye sare nyeupe ya uuguzi, funguo mkononi, anasema kwa haraka.

"Fundi, mimi nilimwambia mume wangu aoshe gari. Aoshe gari tu! Yeye akaosha mpaka utumbo. Akafunika betri na nyaya kwa nailoni ili maji yasiingie, akamaliza, akafunga boneti, akaja kuniita nije nione kazi yake. Nailoni ameiacha humo humo."

"Ikaanguka kwenye bomba la moshi," alisema fundi.

"Ikaanguka, ikayeyuka, ikaganda. Sasa kila nikiwasha, moshi unaingia ndani, na mama yangu ana kifua. Jana alikohoa mpaka nikasimama njiani nikalia. Na leo saa tisa ana miadi kwa daktari wa kifua, tumeisubiri mwezi na nusu."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mwembamba, kitambaa kimefunika mdomo. Bibi akamwamkia, akavuta sanduku tupu la soda, akaketi naye.

"Wewe ndiye mke wa fundi?" mama yule aliuliza.

"Ndiyo mwenzangu. Nimemletea chakula, amesahau."

"Wanaume wakifika umri huo wanasahau hata miguu yao."

Mzee aliinua macho, akamwona mkewe, uso ukakunjamana kidogo kwa mshangao. Lakini mbele ya mteja hakusema neno. Akamrudia muuguzi.

"Hamkuimwagia maji?"

"Mume wangu alitaka. Nilimzuia."

"Mshukuru Mungu. Chuma kikiwa cha moto ukakimwagia maji baridi kinapasuka kama gilasi. Na kisu? Alikwangua kwa kisu?"

"Kidogo."

"Hapa naona. Kisu kinakwangua plastiki, kinakwangua chuma, kinakwangua na moyo wa mwenye gari." Muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii kitu haitaki nguvu, inataka kubembelezwa. Tunaipasha moto kidogo, ilainike. Ikilainika tu tunazima, tunaitoa kwa kijiti. Ikipoa tunapasha tena. Ukizidisha moto inaungua, inashika zaidi, na moshi wake ni sumu. Ukipunguza haitoki."

Alifungua droo, akatoa vijiti vyake. Bibi alivijua, jioni nyingi alikuwa akivichonga pale kibarazani, mti mgumu, ncha bapa kama ya mwiko mdogo, vikalainishwa kwa msasa ili visiache alama hata kwenye rangi. Na alizijua harufu za kazi hiyo pia, ingawa hakuwahi kuzinusa mwenyewe. Mzee alikuwa akimsimulia wakati wa kula. Plastiki inayopata moto ina harufu tatu, alikuwa akisema. Ya kwanza ni tamu, kama ndoo mpya iliyoachwa juani. Hiyo ndiyo yako, hapo unazima. Ya pili ni chachu, umeshachelewa. Ya tatu ni nyeusi, kimbia.

Saa hakuwahi kuitumia. Wala hakuwahi kuhesabu matambara yake, kama mafundi wengine wanavyofanya kabla ya kufunga boneti. Pua ilihesabu.

"Washa," alimwambia muuguzi.

Injini ikanguruma. Mzee aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu vilevile alivyofanya siku zote. Bibi alimtazama. Kitu kilikuwa kikipita mbele yake. Utamu ule wa ndoo mpya ulifika, ukamgusa Bibi puani, wazi kabisa. Mzee bado amefumba macho. Utamu ukaanza kuvunda. Uchachu ukaingia.

Bibi akakohoa.

Mzee akafumbua macho, akamtazama. Bibi naye akamtazama. Hakuna aliyesogea, na katika ule muda mfupi mzee alijua kwamba mkewe anajua, na mke alijua kwamba anajulikana.

"Zima!" aliita.

Alivaa glovu, akaingiza kijiti, akakisukuma polepole chini ya ule ukoko. Kipande kirefu cheusi kilibanduka kikining'inia kama ulimi. Akakifuta, akarudi tena, kijiti kikiteleza pembeni mwa waya na mpira bila kugusa kimoja. Mikono yake ilikuwa bado na akili zake zote. Plastiki ilipoanza kuwa ngumu akatoa kichwa.

"Washa tena."

Safari hii hakufumba macho. Aliinama kama kawaida, lakini jicho moja likawa kwa mkewe. Utamu ulipofika tu, Bibi akakohoa. "Zima!" Kipande kingine. Mara ya tatu, mara ya nne. Yule mama wa kifua akamtazama Bibi kwa huruma.

"Na wewe kifua, shoga?"

"Kidogo tu, mwenzangu. Vumbi."

Nisiseme uongo: Bibi alifurahi. Kazi ya mume aliyoisikia kwa miaka mingi kama hadithi ya mbali, leo alikuwa ndani yake. Mzee naye uso ulikuwa umefunguka. Mara ya sita alimkonyeza, kwa namna ambayo hakumkonyeza tangu mtoto wao wa mwisho alipoota meno. Bibi alijiambia, basi ndivyo tutakavyoishi. Nitakuja kila siku na mkebe wa chakula. Nitakohoa. Nani atajua?

Hakuona, wakati ule, ubaya wa jambo hilo.

*

Saa saba na nusu bomba lilikuwa limebaki na utando mwembamba tu, kama mafuta yaliyoganda kwenye kikaango. Huo haubembelezwi kwa moto. Mzee alisubiri chuma kipoe kabisa, akakigusa kwa mkono mtupu kuhakikisha, kisha akachukua sufi laini ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, na kopo la thina ya kuyeyushia rangi. Alilowesha tambara, akasugua, akalowesha jingine.

"Kitu hiki kinashika moto kwa neno baya tu," alimwambia muuguzi. "Lakini kinakauka upesi. Dakika kumi, kimeruka."

Hapo ndipo yule mama alipoomba kwenda chooni. Choo kilikuwa uani, ngazi tatu za kushuka, na muuguzi alikuwa akizungumza na hospitali kwa simu. Bibi akampa mkono. Walikwenda taratibu, hatua moja na pumzi mbili. Njiani mama akamweleza kuhusu kitanda cha hospitali alicholala mwaka jana, na mfagizi mmoja wa usiku aliyekuwa akimfungulia dirisha kidogo kila akipita, bila kuombwa. "Sikuwahi kujua jina lake," alisema, "lakini nikipata pumzi nzuri namkumbuka." Wakakaa huko kitambo.

Waliporudi, boneti ilikuwa imefungwa. Vyombo vimefutwa, vijiti vimerudi kwenye droo. Mzee alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, na muuguzi anatazama saa.

"Saa nane na dakika ishirini. Mama, ingia. Tutafika."

Walimwingiza kiti cha nyuma, wakamfunga mkanda. "Funga vioo," mzee alisema, "vumbi la huku nje lisimfuate." Muuguzi akazunguka, akaketi, akafunga mlango.

Bibi alikuwa amesimama karibu na taa ya mbele. Harufu ya thina ilikuwa ikimpiga usoni.

Akakohoa.

Mzee aligeuka, akatabasamu. Plastiki imekwisha, hakuna cha kukoholea tena. Akafikiri mkewe anamtania.

Bibi akakohoa kwa nguvu zaidi, akamkazia macho.

"Leo umeambukizwa na mgonjwa wetu," mzee alisema kwa sauti ili na walio ndani wasikie. "Thina imekauka zamani, mama. Imepita nusu saa." Na jicho lake likasema jambo jingine: basi, usiniaibishe, hapa najua mwenyewe.

Muuguzi akaingiza ufunguo.

Bibi aliona mambo mawili kwa pamoja. Alimwona mumewe amesimama wima katika ovaroli yenye kifungo kipya, chini ya ile pua nyekundu. Na nyuma ya kioo kilichofungwa alimwona mama mwembamba aliyefungwa mkanda, anampungia mkono. Kikohozi kilikuwa kimemaliza kazi yake. Kilichobaki ni maneno.

Aliweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Usiwashe!" alisema. "Toa ufunguo! Thina bado imo humu. Mume wangu hasikii harufu. Hasikii tangu alipougua homa. Hasikii chochote."

Muuguzi alitoa ufunguo. Barabarani, kwenye kibanda chake, mshona viatu aliacha kupiga nyundo.

Mzee alikwenda, akafungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya bomba ambako macho hayafiki, akapapasa. Akatoa tambara. Lilikuwa limelowa chapachapa, limekunjwa kama ngumi, limebanwa kati ya bomba na bati la kukinga joto. Matone mawili yalidondoka sakafuni. Dakika tano za barabarani, bomba likipata moto, zingetosha kuliwasha.

Alilishika kwa vidole viwili, mkono ukiwa mbali na mwili, akaenda kuliweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Kisha akarudi akaketi kwenye lile sanduku la soda. Alionekana mdogo.

"Hata mimi niliisikia," muuguzi alisema polepole alipokuwa anashuka. "Nilipokuwa nafungua mlango niliisikia. Nikasema moyoni, nani amfundishe Fundi Pua kunusa?"

Neno hilo lilimuuma mzee kuliko matusi. Bibi alimwona akilipokea, bega moja likishuka.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama wa kifua alitoa mguu mmoja, akashika mlango, akavuta pumzi yake.

"Fundi," aliita. "Mimi sikio la kushoto limekufa mwaka wa sita huu. Huyu binti yangu anadhani namdharau. Leo ndiyo namwambia."

"Mama!" muuguzi aligeuka.

"Sasa ningesemaje? Kila mtu na lake la kuficha. Mimi la kwangu halichomi gari, ndiyo tofauti."

Hakuna aliyecheka vizuri, lakini kicheko kilipita kidogo pale, kama upepo unaopita kwenye nyumba ya mgonjwa. Muuguzi alipiga simu hospitali, akaomba, akasema "tafadhali" mara nne. Wakamwambia mama yake atakuwa wa mwisho kwenye foleni, lakini ataonwa. Mzee akainuka. Alifuta kila kona kwa tambara kavu, akaacha boneti wazi, akasimama kando. Hakujifanya tena.

"Nenda ukanuse," alimwambia mkewe. Sauti haikuwa na kitu ndani yake.

Bibi akainama. "Bado."

Wakasubiri. "Bado kidogo."

Robo saa nyingine. "Sasa imekwisha. Nasikia chuma tu."

Mzee aliliwasha mwenyewe, gari likiwa tupu, akaliacha lingurume dakika kumi na watu wote wamesimama ng'ambo ya barabara. Hakukuwa na moshi. Bomba lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo mmoja zaidi ya ile ya kisu cha mume wa watu. Ilikuwa kazi nzuri, na hakuna aliyeisifu ila muuguzi, aliyemshika mzee mkono kwa mikono yake miwili kabla ya kuondoka, akaushikilia kitambo kama wanavyofanya wauguzi.

*

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu. Mzee alitangulia. Walipofika kwenye kona ya ukuta ule mrefu wa shule, alisema bila kugeuka:

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimekuvua ikiwa inawaka moto," Bibi alijibu.

Hakumjibu tena. Hakumjibu siku hiyo, wala kesho yake, wala siku tisa zilizofuata. Alikula, alilala, alisema "ndiyo" na "hapana". Usiku Bibi alimsikia akivuta pumzi puani kwa nguvu gizani, akanyamaza, akavuta tena, kama mtu anayejaribu kuwasha gari lisilo na betri. Alitaka kumgusa mgongo. Akaogopa.

Mtaa haukunyamaza. Wengine walimwonea huruma, na huruma nayo ina makali yake. Wengine walichezea jina. Watoto wakapita mbele ya gereji wakabana pua zao na kukimbia. Siku ya kumi mzee alipanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, akaifuta ile pua mlangoni, ikachukua mikono mitatu ya rangi kwa sababu wekundu ulikuwa ukirudi. Kuanzia hapo, kila mteja aliyekuja alimsimamisha nje kwanza, akamwambia mwenyewe kwa kinywa chake: "Pua yangu imekufa. Magurudumu nafanya, breki nafanya, springi nafanya. Injini mpelekee mwingine." Akawaelekeza kwa fundi mmoja wa barabara ya pili, ambaye zamani hawakuwa wakisalimiana.

Wengi walikwenda huko, na hawakurudi hata kwa magurudumu.

Daktari alimmulika tochi puani, akasema huenda itarudi, huenda isirudi, homa nyingine huondoka na kitu. Bibi alimletea majani ya kunusa, karafuu, ndimu, kila asubuhi. Mzee alizinusa zote kwa utii kama mtoto anayekunywa dawa. Akatikisa kichwa. Wiki ya tatu akasema, "Basi, mama. Usinichoshe." Ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia tangu ile jioni ya ukuta wa shule.

*

Siku moja mshona viatu alimsimamisha Bibi njiani. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakutania. "Mama," alisema, "mzee tangu juzi hana gari hata moja. Anafungua, anakaa, jioni anafunga. Mimi nampelekea viatu vya kukaza misumari ili apate cha kushika. Nakwambia wewe tu, usimwambie."

Kesho yake mchana Bibi akaenda. Hakuwa na mkebe wala kisingizio. Mawingu yalikuwa mazito, na upepo ulikuwa ukisukuma karatasi barabarani. Alimkuta mzee kwenye kile kiti cha plastiki, gereji nzima tupu mbele yake, vyombo vimepangwa ukutani, vimefutwa mpaka vinang'aa kama vya dukani. Akavuta sanduku, akaketi kando yake. Mzee hakumfukuza.

Gari likipita, wote wawili waliligeukia, likapita.

"Kosa nililianza mimi," Bibi alisema mwishowe. "Ile asubuhi ya maziwa ningekwambia. Badala yake nikaficha sufuria. Kisha nikakaa hapa nikikohoa, nikakufanya uamini mambo yanakwenda."

"Maziwa gani?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Yaliungua nikiwa nimekaa pale pale?"

"Hatua mbili."

Alitikisa kichwa polepole. "Ungeniambia, ningekataa. Ningesema jiko ni bovu." Akafuta viganja magotini. "Mimi nilijua tangu siku ya pili ya homa. Nilijua kwa sababu yako. Uliniinamia kunifuta jasho, na wewe una harufu yako, ya sabuni na moshi kidogo na kitu kingine nisichokijua jina. Ukainama, na hakukuwa na mtu. Nikakuona, lakini hakukuwa na mtu."

Bibi aliangalia sakafu.

Tone la kwanza la mvua likagonga bati.

"Hapa sasa kuna harufu gani?" mzee aliuliza. Hakuuliza kama fundi anayempima mteja. Aliuliza kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Bibi alivuta pumzi, akajipa muda ili asiseme uongo. "Mafuta ya zamani, yale ya sakafuni. Mpira. Sabuni yako ya unga. Mshona viatu anatumia gundi. Vumbi limeanza kulowa, huko nje, linapanda. Na rangi ile nyeupe ya mlangoni bado haijaisha kabisa."

"Bado?"

"Kwa mbali sana."

Mzee alifumba macho, akageuza uso kuelekea barabarani, akakaa hivyo kitambo, pua ikipanuka na kushuka bure. Mvua ikaongezeka. Mshona viatu alikusanya vitu vyake, akakimbilia ndani ya kibanda chake.

Ilipopungua, Bibi aliinuka, akajifunika khanga kichwani. Kulikuwa na nguo kambani nyumbani, na zitakuwa zimelowa tayari. Alikuwa ameshavuka mlango mzee alipoita.

"Mama."

Akageuka. Mumewe alikuwa bado kwenye kiti, anatazama mikono yake.

"Na kesho upite," alisema. "Hata kama sina gari. Upite ukae kidogo."